Simba wa Pili na Manung'uniko ya Watazamaji

Kwa miaka mingi sasa wenye viwanda vikubwa vya filamu duniani wameshika kazi moja: kuzitoa ghalani filamu za zamani zilizopendwa, kuzitengeneza upya kwa waigizaji wengine na mitambo ya kisasa, na kuziuza kwa jina lile lile. Watu huzingojea kwa hamu, hulipa kiingilio, kisha wengi wao hutoka wakinung'unika. Wahakiki nao, ambao kazi yao ni kupima, huandika kwa ukali kuliko watazamaji.

Yako mambo mazito kuliko haya katika Mkoa wa Simiyu, mkoa wa pamba na mifugo, wala hatudai kwamba sinema yaweza kulinganishwa na bei ya pamba. Tunaliandikia jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba filamu mojawapo iliyonung'unikiwa sana inatuhusu sisi wenyewe, maana imeazima majina yake katika lugha yetu na sura yake katika mbuga za namna hii hii inayoanzia mpakani mwa mkoa huu. Ya pili ni kwamba hadithi zetu, za Bara na za visiwani Ukerewe na Ukara, nazo ni mali inayoweza kuchukuliwa na kutengenezwa upya wakati wowote, na mwenye kuchukua aweza kuwa mgeni au mwenyeji. Ni vyema tukajua mapema ni nini huharibu kazi ya namna hiyo, na ni nini huifanikisha.

Filamu tunayoisema ni The Lion King. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1994 na kampuni ya Disney ya Marekani. Ilikuwa filamu ya kuchorwa kwa mkono, ya dakika 88, na wachoraji wake walizuru Kenya kabla ya kuanza kazi ili waione nchi na wanyama wake. Mwana wa mfalme aliitwa Simba, nyani mwenye busara akaitwa Rafiki, ngiri akaitwa Pumbaa, na fisi mmoja akaitwa Shenzi. Msemaji wa Kiswahili hakuhitaji mkalimani kuyaelewa majina hayo, ingawa huenda alitabasamu kuona neno Simba likipewa simba kama jina lake la ubatizo. Kisa chenyewe, cha mtu kumwua ndugu yake aliye mfalme na kumfukuza mtoto wake, ni cha zamani sana. Wasomi wengi wamekwisha kuonyesha udugu wake na tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare.

Mwaka 2019 kampuni ile ile ilitoa filamu ile ile upya. Mwongozaji alikuwa Jon Favreau. Safari hii hapakuwa na michoro ya mkono. Kompyuta zilitengeneza simba anayefanana na simba wa kweli, unyoya kwa unyoya, na nyasi kama nyasi za kweli. Inaelezwa kwamba katika filamu nzima ni picha moja tu ya mwanzoni iliyopigwa kwa kamera katika nchi halisi. Sehemu nyingi zilifuata filamu ya kwanza hatua kwa hatua, hata mtu aliyeikariri ile ya zamani angeweza kuwatangulia wanyama kwa maneno. Muda wake ulirefuka hadi dakika 118. Sauti ya Mufasa, mfalme aliyeuawa, ilikuwa ya James Earl Jones katika filamu zote mbili.

Haki itendeke. Filamu hii ya pili haikukosa wateja. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani kote, fedha ambazo zingetosha kujenga barabara nyingi za lami. Lakini mapato ni kitu kimoja na ridhaa ni kitu kingine. Mtu hulipa kiingilio kabla ya kuiona filamu, si baada ya kuiona; kwa hiyo fedha zile zilikuwa kipimo cha mapenzi ya watu kwa filamu ya mwaka 1994. Wahakiki waliigawanya hukumu yao nusu kwa nusu, na waliolalamika walisema jambo moja kwa maneno mbalimbali: kwamba wanyama hawa ni wazuri kuwatazama, lakini nyuso zao hazisemi kitu. Mtoto wa simba anamlilia baba yake aliyekufa, na uso wake ni ule ule aliokuwa nao alipokuwa akicheza.

Hapo ndipo watu wa Simiyu wangeweza kuombwa ushauri. Mchungaji wa Meatu au Itilima, anayelisha ng'ombe karibu na Pori la Akiba la Maswa, anajua kwamba simba hacheki wala hanuni. Ukitaka kujua nia yake huutazami mdomo wake. Unayatazama masikio na mkia, na unausikiliza mngurumo. Uso wa simba umeumbwa kwa kazi ya simba. Aliyewatengeneza simba wa mwaka 2019 alifaulu mno katika kuwafananisha na simba, akasahau kwamba hadithi ile haikuwa ya simba. Ilikuwa hadithi ya watu waliovikwa ngozi za wanyama, kama zilivyo hadithi zetu za sungura na fisi. Fisi wa hadithi si fisi wa porini. Hakuna bibi katika Usukuma mzima aliyewahi kumleta fisi wa kweli barazani ili wajukuu wamsadiki zaidi. Sauti yake ilitosha, na macho yake, na namna alivyovuta pumzi kabla ya kuitaja zamu ya fisi.

Kwa hiyo kosa la kwanza tunaloliona ni la kudhani kwamba ufundi mpya ni sababu ya kutosha ya kuisimulia hadithi tena. Mitambo imekua, basi na turudie. Mtazamaji hajaambiwa ni kitu gani kilichomsukuma msimulizi kurudi, isipokuwa kwamba sasa anaweza kuchora unyoya ambao zamani hakuweza kuuchora.

Kuna na jambo jingine lililowaudhi watu wa upande wetu wa Afrika, nalo halikuwa la ufundi. Pamoja na filamu ile ilitolewa albamu ya nyimbo iliyosimamiwa na mwimbaji Beyoncé, ambaye pia aliitoa sauti ya Nala. Katika albamu hiyo walialikwa wasanii wa Nigeria, Ghana, Kameruni na Afrika Kusini. Wa Afrika Mashariki hakuwamo. Malalamiko yalitoka Nairobi na Dar es Salaam, na tunaona yalikuwa ya haki: hadithi iliyochukua majina ya Kiswahili ilipofanyiwa sherehe, wenye Kiswahili hawakupewa mwaliko. Tena kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuyasajili maneno Hakuna Matata nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara, kwa ombi lililopelekwa mwaka 1994 na kukubaliwa mwaka 2003. Na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi waraka wa kuipinga hatua hiyo. Sheria ya alama za biashara haimzuii mkulima wa Bariadi kusema maneno hayo sokoni, hilo ni kweli. Hata hivyo mtu ana haki ya kushangaa.

Wako watakaosema kwamba manung'uniko haya yote ni ya kumbukumbu tu. Aliyeiona filamu ya mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 10 hataridhishwa na filamu yoyote, kwa kuwa anachokitafuta si filamu bali utoto wake. Hoja hii ina nguvu kidogo, lakini haitoshi. Hapa kwetu watu wengi waliisikia hadithi ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we wakiwa wadogo. Zimwi limewameza watu wote na mifugo yote. Mwanamke mmoja mjamzito amejificha na kupona. Mtoto anazaliwa, anakua, na kila akiua mdudu au mnyama anamwuliza mama yake kama huyo ndiye Shing'weng'we, mpaka siku anapompata mwenyewe, anampasua tumbo, na watu wanatoka humo na ng'ombe wao. Mtu akiisikia hadithi hiyo tena akiwa na miaka 40, kwa msimulizi mwingine, hanung'uniki. Anaijua yote, na bado anasogeza kigoda.

Sababu ni kwamba msimulizi wa pili hairudii hadithi; anaisimulia kwa watu walio mbele yake. Watoto wakiwa macho, huongeza idadi ya wanyama wanaouawa kabla ya zimwi, wakisinzia, hupunguza. Kukiwa na mgogoro kijijini, hukaa zaidi kwenye kile kisa cha mwishoni, cha ajuza aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya wakati tumbo la zimwi lilipokuwa likipasuliwa, naye akamchukia mwokozi wake badala ya kumshukuru. (Yamkini watengenezaji wa filamu wanaowaona watazamaji kuwa ni wakosa shukrani wangekipenda sana kisa hicho.) Kila anaposimulia ana haja na hadithi ile usiku ule.

Hilo ndilo swali tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji: mwenye kurudia ana haja gani na hadithi hii? Akiwa na haja yake mwenyewe, aghalabu watu humfuata hata akiibadili. Akiwa hana haja ila umaarufu wa jina, watu huhisi, hata kama hawawezi kuieleza hisia hiyo kwa maneno ya wahakiki.

Tuchukue mifano ya India, nchi ambayo filamu zake zilijaza majumba ya sinema ya Mwanza, Dar es Salaam na Unguja tangu miaka ya 1950, na ambazo baba zetu walizielewa bila kujua Kihindi. Sholay ilitolewa mwaka 1975 chini ya uongozaji wa Ramesh Sippy, na katika jumba moja la Bombay ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka 5. Mwaka 2007 mwongozaji Ram Gopal Varma aliitengeneza upya. Hata jina la Sholay hakuruhusiwa kulitumia. Alimchukua Amitabh Bachchan, ambaye katika filamu ya kwanza alikuwa mmoja wa mashujaa wawili, akamfanya kuwa jambazi. Wazo hilo lingeweza kuzaa kitu. Lakini filamu ilianguka vibaya, na hadi leo hutajwa India kama mfano wa jinsi kazi isivyopaswa kurudiwa. Umrao Jaan ya mwaka 1981, iliyompatia Rekha tuzo ya taifa, ilirudiwa mwaka 2006 kwa mapambo mengi na fedha nyingi, nayo ikapita bila kishindo. Zanjeer ya mwaka 1973 ilirudiwa mwaka 2013; waliokumbuka ya kwanza walisikitika, na wasioikumbuka hawakuona sababu ya kwenda.

Lakini India hiyo hiyo inatoa mfano wa upande wa pili, na ni mfano mkubwa kuliko hiyo mitatu. Mother India, filamu ya mwaka 1957 iliyowaliza akina mama wa Afrika Mashariki wa kabila na dini zote, yenyewe ni filamu iliyorudiwa. Mwongozaji wake, Mehboob Khan, alikuwa amekwisha kukisimulia kisa hicho mwaka 1940 katika filamu iliyoitwa Aurat. Kwa nini akarudi? Mwaka 1940 India ilikuwa chini ya Mwingereza. Mwaka 1957 ilikuwa na miaka 10 ya uhuru, na mwanamke mkulima aliyevumilia njaa, mafuriko na deni la mkopeshaji hakuwa tena mnyonge wa kuhurumiwa tu. Alikuwa amepata maana ya nchi nzima. Ndiyo maana filamu ya pili inaanza na bibi mzee akiombwa kuufungua mfereji wa maji. Mfereji huo haukuwamo katika haja za mwaka 1940. Leo ni wachache wanaoikumbuka Aurat, na hakuna anayelalamika kwamba Mehboob Khan aliirudia.

Vivyo hivyo Don ya mwaka 1978 iliporudiwa mwaka 2006, mwongozaji Farhan Akhtar aliubadili mwisho wake, hata mtazamaji aliyejigamba kwamba anajua kila kitu akajikuta amedanganywa pamoja na wengine. Agneepath ya mwaka 1990 haikufanya biashara nzuri ilipotoka, ingawa ilikuwa na mengi mazuri. Iliporudiwa mwaka 2012 ilifanikiwa. Kwa maoni yetu kuna busara katika kuirudia kazi ambayo haikupata bahati yake, kuliko kuirudia ile ambayo watu wamekwisha kuiweka moyoni. Ni kama kulima: shamba lililotoa mazao mazuri lina mwenyewe, lile lililoachwa lina nafasi.

Hata Marekani mambo ni hayo hayo. Ben-Hur iliyopata tuzo 11 za Oscar ni ya mwaka 1959, na ilikuwa marudio ya filamu bubu ya mwaka 1925. Iliporudiwa tena mwaka 2016 kwa gharama ya takriban dola milioni 100, mauzo ya tiketi hayakuzirudisha. Farasi walikuwapo, magari ya mashindano yalikuwapo.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba elimu hii inapatikana katika nchi za mbali tu. Mwalimu Julius Nyerere, jirani yetu wa Butiama, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1963. Kisha, akiwa Rais wa nchi na mwenye shughuli zisizohesabika, aliirudia kazi ile ile, akaisahihisha, nayo ikachapishwa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwa nini mtu mwenye kazi nyingi namna ile airudie kazi iliyokwisha kusifiwa? Kwa sababu hakuridhika na lugha yake mwenyewe. Mwaka huo huo ilitoka na tafsiri yake ya tamthilia nyingine, Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika wafanyabiashara, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliandika mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mtu anaweza kukubaliana na neno hilo au asikubaliane nalo, lakini hawezi kusema kwamba mfasiri hakuwa na haja.

Kwa ndugu zetu wa visiwani mfano uko mlangoni. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu cha maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ndoa yao, shida yao ya kukosa watoto, kilimo, uvuvi, tiba na adabu za watu wa visiwa kabla ya mambo kugeuka. Kitabu hakikupata mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Mzee huyo hakukata tamaa. Alikaa chini akakiandika upya chote kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, nacho kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Hiyo nayo ni kazi iliyorudiwa, na mwenye kuirudia alikuwa na haja kubwa kuliko wote tuliowataja: alitaka mambo aliyoyajua yasife pamoja naye. Baadaye Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, alikifasiri kwa Kiingereza, kikachapishwa mwaka 2002.

Tuseme na neno juu ya mabanda ya video, ambayo baadhi ya viongozi wamezoea kuyatazama kama mahali pa uzururaji. Kwa miaka mingi filamu za kigeni zimeonyeshwa mijini na vijijini zikiwa na sauti ya mfasiri wa Kiswahili juu yake. Aliyevuma sana Dar es Salaam katika kazi hiyo ni marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Hakuwa akifasiri maneno tu. Aliwapa waigizaji wa kigeni tabia za watu wa mitaani kwetu, aliwaonya, aliwacheka, na alieleza mambo ambayo filamu yenyewe iliyaacha. Msomi wa sheria za hakimiliki atakuwa na maswali yake, nayo ni ya haki. Lakini watu walikaa mpaka mwisho. Katika visiwa vya ziwa, usiku wa mbalamwezi ambapo wavuvi wa dagaa hawaendi majini, banda la video ndilo baraza, na mvuvi aliyechoka hawezi kulazimishwa kutazama kitu kisichomgusa. Huondoka.

Kuondoka huko ndiyo hukumu ya zamani kabisa katika nchi ya Wasukuma. Kila mwaka baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana ngoma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake, na anayeshinda ni yule aliyewavuta watu wengi kusimama upande wake. Hakuna tiketi iliyokatwa jana kwa sababu ya sifa za juzi. Mtazamaji akichoshwa hapa, anahamia kule, na kila mtu anamwona akihama. Ngoma ni ile ile ya mababu, utani ni ule ule, lakini manju asiyeleta wimbo wa mwaka huu, au jambo la kushtusha ambalo watu hawakulitarajia, ataiona nyasi mbele yake badala ya watu. Hapa Bariadi mashindano hayo yanafahamika hata kwa watoto. Laiti wakubwa wa viwanda vya filamu wangelazimika kuonyesha filamu ya zamani na filamu mpya katika uwanja mmoja, usiku mmoja, na watu wakaachwa wahame kwa miguu yao.

Sasa tugeukie upande wa serikali, maana ziko hatua ambazo haziwezi kuchukuliwa na mtazamaji.

Hatua ya kwanza ni kuzihifadhi kazi za awali. Taifa hili lilikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania tangu mwaka 1968. Zilitengenezwa filamu kama Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970, na Arusi ya Mariamu mwaka 1985. Baada ya hapo zikaja filamu za kanda za video, nyingi mno, zilizotengenezwa Dar es Salaam kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 na kuuzwa mpaka Nansio na Lamadi. Kanda ya video haikuumbwa kuishi. Joto huila, unyevu huila, na mitambo ya kuichezea inatoweka. Mwanafunzi wa sekondari ya Bariadi leo akitaka kuitazama Arusi ya Mariamu, aende wapi? Mtu akiitengeneza upya filamu ambayo ya kwanza imepotea, watazamaji watakuwa hawana cha kuilinganisha nayo, na hata haki yao ya kunung'unika itakuwa imepotea. Filamu ya 1994 iko palepale. Aliyechukizwa na ile ya 2019 anaweza kuirudia. Sisi hatuna hakika kwamba tutakuwa na la kurudia.

Hatua ya pili inahusu hadithi zenyewe. Halmashauri za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega zina maafisa utamaduni. Ukerewe kadhalika. Wazee wanaoijua hadithi ya Masala Kulangwa kwa urefu wake, si kwa mukhtasari wa vitabu vya shule, wanapungua kila msimu wa mvua. Kinasa sauti cha simu ya mkononi kinatosha kuanza kazi. Tungependa sauti hizo zinaswe katika Kisukuma na Kikerewe kama zinavyotoka, pamoja na vicheko vya wasikilizaji, pamoja na kukohoa, na nakala ziwekwe katika maktaba za mikoa na katika Makumbusho ya Bujora. Siku mtu atakapokuja kutaka kuitengeneza filamu ya Shing'weng'we, awe wa Dar es Salaam au wa ng'ambo ya bahari, akabidhiwe sauti hizo kwanza azisikilize. Na majina ya waliosimulia yaandikwe, ili kukiwa na sherehe, waalikwe.

Hatua ya tatu ni ya Bodi ya Filamu na ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Bodi, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hupitia miswada kabla ya kibali kutolewa; Mfuko hutoa mikopo kwa wasanii. Hatupendekezi hata kidogo kwamba Bodi imkataze mtu kurudia filamu ya zamani. Makatazo tunayo ya kutosha. Tunachokiomba ni kwamba pale fedha ya umma inapoombwa kwa ajili ya kutengeneza upya kazi ya zamani au hadithi ya jadi, mwombaji aandike katika ukurasa mmoja ni kwa nini anairudia. Akiandika kwamba jina linajulikana na soko lipo, na aende benki kama wafanyabiashara wengine. Hakuna ubaya katika biashara. Akiandika jambo lililomnyima usingizi, Mfuko umsikilize.

Mwisho, filamu ya namna hiyo ikikamilika, isizinduliwe katika hoteli za Dar es Salaam mbele ya wageni waalikwa. Viwanja vya Nyakabindi, ambako Maonesho ya Kitaifa ya Nane Nane yalifanyika tangu mwaka 2018 hadi mwaka 2020, vina nafasi ya watu wengi. Kitambaa cheupe kitundikwe huko baada ya mavuno, wakati Bagika na Bagalu wamekwisha kucheza na watu bado hawajarudi makwao; usiku unaofuata kitundikwe Nansio. Kiingilio kiwe kidogo, na milango iachwe wazi ili asiyeridhika aweze kutoka.